Mstari wa Saba

Watu wakishakufa husafishwa. Siku tulipomzika MaBhele, wasemaji sita walipokezana kipaza sauti, na wote sita wakasema marehemu hakuwahi kumkosea mwanafunzi hata mmoja. Mimi nilijiinamia kwenye kiti changu cha plastiki, nisije nikacheka au nikalia, maana sikujua kipi kingetangulia. Alikosea. Nilikuwepo. Na kosa lenyewe, niseme mapema kabla hamjanizoea, lilitoka mkononi mwangu.

Jina lake kamili Funeka Matiwane, mzaliwa wa Ngcobo. Kwetu mwanamke mzima humwiti hivihivi kwa jina, unamwita kwa ukoo wa baba yake. Yeye alikuwa wa akina Bhele, basi alikuwa MaBhele. Mimi Thozama ni wa akina Gatyeni, basi MaGatyeni. Nilikuwa karani wake miaka kumi na tisa. Alianza kama mama wa bweni la wasichana, akapanda mpaka akawa Mlezi Mkuu wa Wanafunzi wa chuo chetu, mwenye ofisi ya zulia na dirisha la kutazama uwanja wa raga. Nami nilipanda naye, kwa maana ya kwamba meza yangu ilihamishwa.

Alikuwa mfupi, mnene, mwenye miguu ya kuuma, na hakuwa na haraka na mtu. Mwanafunzi akiingia analia, MaBhele hasemi kitu. Anamsogezea sahani ya maandazi, anaendelea kusaini barua zake mpaka mtoto amalize kulia na kula. Ndipo anauliza, "Haya, tuanzie wapi?" Mimi nilikuwa naungua huko nje, foleni imefika ngazini. "MaBhele, hapa si kilabu cha chai," namwambia. "Ndiyo maana hawaji kwako," ananijibu, "wewe una uso wa polisi wa barabarani." Tukaishi hivyo.

Kwa nini alikuwa vile, alinisimulia mara moja tu, siku moja barua fulani ya wakubwa ilipomuudhi. Mwaka themanini na saba alipelekwa chuo cha Wazungu, wasichana weusi watatu katika bweni zima, na hao wawili wengine walikuwa ghorofa ya juu. Mama wa bweni alishindwa kulitamka Funeka, akamwita Fiona. Wiki sita mtoto wa watu akaitika Fiona. Alikula peke yake kwenye meza ya watu wanane. Kila jioni alifunga sanduku lake, akakaa kitandani akalitazama, kisha akalifungua tena. Siku moja mama mmoja mwenye kilemba cha bluu, mgawaji wa chakula pale dirishani, alimkazia macho akamuuliza kwa lugha ya nyumbani:

"We mtoto, wewe ni wa ukoo gani?"

"MaBhele."

"Khuboni! Qunta!" Yule mama aliyataja majina ya sifa ya ukoo kwa sauti, jiko zima likageuka. "Siku zote hizi unanipita hapa kimya? Mume wangu ni Bhele! Wewe si mgeni, wewe ni mwanangu wa kumzaa!"

Akamwongezea kijiko cha makande, kikafurika kwenye sahani.

"Nilibaki kwa sababu ya kijiko kile," MaBhele aliniambia. "Si vitabu, si walimu. Kuna mtu aliniuliza mimi ni wa nani, nikawa na jibu."

Kazi yake yote ilitoka pale. Alipopewa bweni aliandika fomu yake mwenyewe ya wageni, yenye mistari saba. Jina, umetoka wapi, unalala chumba gani, unaumwa nini, nani apigiwe simu, unapenda kula nini. Mstari wa saba: ukoo wako. Na Jumamosi ya kwanza ya Februari aliwakusanya wanafunzi wapya ukumbini pamoja na wale wa zamani. Anasimama na fomu mkononi, anasoma jina na ukoo. Hapo hapo wale wa zamani wa ukoo ule wanaruka kutoka vitini, wanataja sifa za ukoo kwa mayowe na vigelegele, wanamfuata mtoto aliposimama akitetemeka, wanamketisha katikati yao. Mtoto aliyeshuka basi asubuhi hamjui mtu, kufikia saa sita ana kaka thelathini na dada ishirini, na wote wanamdai awaletee chai.

Tucheke tu, lakini ilifanya kazi. Zamani, ikifika Pasaka, wale wa mwaka wa kwanza walikuwa wanapukutika. Unaingia chumbani unakuta godoro limekunjwa, mtu kaenda zake kimyakimya. Baada ya miaka mitatu ya Jumamosi zile, wanaotoweka hawakufika nusu ya wale wa zamani. Vyuo vingine vikaanza kutuletea watu wenye madaftari. MaBhele alipewa ngao ya kioo, akaitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

Na wageni kutoka nje, wasio na koo zetu? Aliwagawa kwenye koo alivyoona, mmoja hapa mmoja pale, nao wakafurahia. Hilo halikutusumbua. Sisi sote tuliamini kwamba mtoto wa hapahapa, anayezungumza lugha yetu, hawezi kukosa cha kuandika kwenye mstari wa saba. Utaishije bila ukoo? Ungeitikaje ukisalimiwa? Hatukuwaza kabisa.

Mwaka elfu mbili na kumi na nne, mwishoni mwa Januari, nilikuwa nazipanga fomu mia nne na zaidi. Ya Vuyiseka Booi ilikuwa safi, mwandiko mdogo wa kushikamana, mistari sita imejazwa. Wa saba mtupu.

"Watoto wa siku hizi!" nilisema peke yangu. "Hata ukoo wanasahau kuandika."

Sasa mimi nawajua akina Booi. Dada yangu ameolewa Cala, na akina Booi wa Cala ni Jwarha, kila mtu anajua. Nikachukua kalamu yangu ya bluu nikaandika: Jwarha. Wala sikusita. Chuo kizima kilikuwa kinaujua mwandiko wangu, herufi kubwa zenye mikia, maana matangazo yote ya mlangoni niliandika kwa mkono. Lile kubwa lilisema: USIGONGE, INGIA. Alilitaka MaBhele. Mimi ningeandika tofauti.

Jumamosi ikafika. "Vuyiseka Booi," MaBhele akasoma, "MaJwarha!"

Alisimama msichana mwembamba, nywele fupi, sweta la kijivu lenye kiraka kiwikoni. Hakutetemeka kama wengine. Alibaki ameduwaa, mdomo wazi.

"Jwarha! Mtika! Mazaleni!" Akina Jwarha arobaini wakamvamia. Mbele yao alikuwa Odwa, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu, mwenye domo la kuuza ng'ombe aliyekufa. "Booi! Booi wa Cala? Hao ni majirani zetu, wewe! Nyumba tatu kutoka kwetu! Dada, umechelewa wapi muda wote huu?"

Yule binti akaanza kulia. Wengi hulia siku ile, nikaona ni kawaida.

Jumatatu alikuja ofisini. Aligonga, kisha akaona tangazo akaingia. Akasimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma.

"Mama, nimekuja kusema asante."

"Asante ya nini tena?"

"Ya mstari wa saba."

"Kwani wewe... hukuwa unajua?"

Akacheka. Kicheko chake bado nakisikia. "Mama yangu alifariki siku aliyonizaa, hospitali. Kadi yake ilikuwa na jina tu, Booi, hakuna zaidi. Nimekulia kituo cha watoto, huko mjini eMonti. Niliuliza miaka yote, hakuna aliyejua. Nyinyi niliwatumia vyeti vyangu vyote, vya kuzaliwa na vya kituo, ili nipate bweni. Sikujua kama mtaviangalia mpaka huko. Mmenitafutia watu wangu, Mama. Mungu awabariki."

Jamani. Nilikuwa na nafasi pale. Mlango umefungwa, tuko wawili, ningesema: mwanangu, kaa chini, mimi nimeandika kwa kubahatisha. Maneno saba tu. Badala yake nikafungua droo nikajitia natafuta stepla. "Haya, vizuri, vizuri," nikasema, "nenda darasani usichelewe." Akaenda zake anaimba. Na kwa MaBhele nako nikanyamaza. Nilijiambia, Booi ni Booi, huenda ni kweli. Nilijiambia hivyo wiki kumi.

Wiki kumi hizo mtoto yule alinawiri. Odwa alikuwa anamtania kila mahali, "MaJwarha, hebu nifulie soksi, mimi ni kaka mkubwa." "Kaka mkubwa, soksi zako zinatembea zenyewe, ziambie ziende bombani." Alizikariri sifa zote za akina Jwarha, mpaka zile ambazo Odwa mwenyewe alikuwa anazikosea. Alipata alama za juu katika hesabu. Kila nilipomwona dirishani nilivuta pazia.

Ijumaa Kuu simu ya MaBhele ililia tukiwa ofisini, tunamalizia orodha ya waliobaki bwenini. Alisikiliza kwa muda mrefu. "Ndiyo, baba," akasema. "Hapana, baba, sijui. Nakuja." Akaweka simu chini.

"Mzee Booi wa Cala," akaniambia. "Anasema ana mtoto wetu huko kwake tangu juzi. Mtoto ameleta blanketi na tumbaku, amepiga magoti penye zizi akajitaja kwa wafu wao. Anamwita babu. Mzee amewapigia simu ndugu zake wote kuuliza binti wa nani alipotelea eMonti, na hakuna. Anauliza sisi tulipata wapi habari ya kwamba ni wao." Akanitazama. "Nitolee fomu yake."

Nikaitoa. Nilimpa nikiwa nimeangalia zulia. Aliutazama mstari wa saba, mwandiko wa bluu, na mimi, na mstari tena.

"Alikuja kukushukuru?" akauliza.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Februari."

Alikaa kitini, akavua miwani. Nilitamani anitukane. "Chukua koti lako, MaGatyeni," akasema. "Huko milimani kuna baridi."

Tulikwenda na gari lake dogo la mizigo, mwendo wa saa tatu. Tulipofika Cala, Vuyiseka alikuwa anafagia uwanja, amejifunga kitambaa kichwani kama binti wa pale. Alipotuona aliachia ufagio akaja mbio. "Mama! Mmekuja kuwaona watu wangu!" Mzee Booi alikuwa nyuma yake mlangoni, mrefu, kofia mkononi, na uso wake ulikuwa unatuomba sisi tuseme alichoshindwa yeye kusema kwa siku mbili.

MaBhele hakuingia ndani. Hakuomba maji. Alisema palepale uwanjani, amesimama kwenye miguu yake mibovu.

"Vuyiseka, nimekukosea. Vyeti vyako havikusema wewe ni Jwarha. Havikusema chochote. Mstari ule uliuacha wazi, sisi tukaujaza."

Msichana akatabasamu bado. Tabasamu lilichelewa kuondoka. "Mliujaza kutoka wapi?"

"Kichwani. Kwa sababu ya jina Booi."

"Nani aliandika?"

Niliangalia kuku wa yule mzee.

"Ni fomu yangu, ofisi yangu," MaBhele akasema. "Mimi." Aliinua karatasi mkononi, akamwonyesha. Vuyiseka aliitazama kwa muda. Kisha akaniangalia mimi, kidogo tu, akarudisha macho kwa MaBhele.

"Mistari sita mlinisoma," akasema. "Mkajua napenda makande. Mkajua naumwa pumu. Huu mmoja ndio hamkuniuliza. Mama, wewe unauliza kila mtu! Mbona mimi hukuniuliza?"

MaBhele aliikunja ile fomu taratibu. Nimemwona akijibu maprofesa, polisi, wanafunzi wa mgomo wenye mawe mikononi.

Mzee Booi alishuka ngazi. "Mwanangu, mimi ningekuchukua leo hii. Lakini ukoo si shati langu kwamba nivue nikupe. Kuna ndugu zangu, kuna taratibu. Nipe muda nikae nao."

"Usiwaombe kwa ajili yangu, baba," akasema. "Nimekwisha kuombewa vya kutosha." Akaingia ndani akatoka na begi. Mzee akamfuata na lile blanketi. "Hapana," akamwambia, "hilo nilikuletea wewe. Uwe babu yangu au usiwe, baridi ni ileile." Mzee akalivaa mabegani palepale, machozi yanamtoka bila kujificha.

Njiani Vuyiseka alikaa pembeni, uso dirishani. Kwenye kituo cha mafuta Vuyiseka alikwenda msalani, nikamwambia MaBhele, "Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Kwa sababu mchezo mzima niliuanzisha mimi. Fomu yenye mstari ule, na ukumbi unaopiga kelele, na mtoto asiye na cha kuandika nikamwacha ahisi ni kosa lake. Wewe uliongeza wino tu." Akawasha gari. "Lakini lako lipo, MaGatyeni. Hilo sitalibeba. Utamwambia siku utakayoweza."

Jumanne baada ya Pasaka Vuyiseka alileta fomu ya kuacha chuo. Kwa sheria ya chuo chetu lazima Mlezi Mkuu asaini.

"Ni haki yako, nitasaini," MaBhele alimwambia. "Ila niachie kidogo. Kila Alhamisi nitakuletea, na kalamu. Ukisema saini, nasaini palepale, sikuulizi sababu."

Na Alhamisi akaenda bwaloni. Akachukua trei kama wanafunzi, akapanga foleni, akaketi meza aliyokuwa amekaa Vuyiseka peke yake. Maana alikuwa peke yake tena. Odwa na wenzake walijua, na hawakujua waseme nini, basi wakampisha. Waoga kama mimi. MaBhele akaweka fomu mezani.

"Leo nisaini?"

Msichana alikula, akaondoka.

Alhamisi ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Mimi nilikuwa naenda kuchungulia mlangoni, na wafanyakazi wa jikoni walikuwa wananicheka, "MaGatyeni, bosi wako kaanza shule upya." Alhamisi ya nne, Vuyiseka alisema, "Bado sijaamua." Ya sita MaBhele alimuuliza kule kituo cha watoto nani alikuwa anamsuka nywele, akajibiwa kwa neno moja. Kila wiki swali moja, na akilipata jibu hakurukia la pili. Hakumwita MaJwarha wala jina lingine la kubuni. Alimwita Vuyiseka. Kidogokidogo akajua kwamba jina hilo alipewa na mpishi wa kituo. Akajua kwamba alikuwa anaogopa mbwa, na kwamba akiwa na miaka tisa alimfundisha mtoto mwingine kusoma kwa kutumia makopo ya samaki. Muhula ukaisha, fomu ikarudi kwenye droo. Julai ikatolewa tena. Miaka mitatu ile, Alhamisi ambayo hakwenda ni ile tu aliyolazwa hospitali kwa sukari, na siku hiyo alinituma mimi.

Nilibeba fomu na kalamu kwenye trei, nikakaa. Niliona ndiyo siku yenyewe. Vuyiseka akaniangalia, akangoja.

"Leo asaini?" nikauliza.

"Bado sijaamua," akasema, akaendelea kungoja. Nikala makande yangu yote mpaka sahani ikang'aa, nikaondoka bila kusema.

Ile Jumamosi ya Februari MaBhele aliibadilisha. Wakubwa walilalamika, wageni wenye madaftari waliuliza ule utaratibu maarufu umekwenda wapi. "Nimeupunguza," aliwajibu. Alifuta mstari wa saba. Mwanafunzi mpya alisimama akasema jina lake na chochote alichotaka kusema, basi. Wa zamani yeyote aliyependa alisimama akasema, "Huyu nampokea mimi." Anayetaka kutaja ukoo alitaja, na vigelegele vilikuwepo, ila kelele zilipungua. Niseme kweli, haikuwa tamu kama ya zamani.

Vuyiseka hakukanyaga ukumbini mwaka wa pili. Mwaka wa tatu nilimwona amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango wa dharura. Akasimama kijana mmoja kutoka Msumbiji, akataja jina lake, akasema hamjui mtu yeyote humu na lugha yetu haijui. Ukumbini kila mmoja akawa anamngoja mwenzake. Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Huyu nampokea mimi." Watu wakageuka. MaBhele kule mbele akainama, akajifanya karatasi zimemwanguka. Aliokota karatasi zile kwa muda mrefu sana.

Siku Vuyiseka alipovaa joho, Aprili mwaka uliofuata, alikuja ofisini. MaBhele wakati ule alikuwa amekonda, anatembea na fimbo. Akafungua droo, akatoa ile fomu, imelegea kwenye mikunjo, akatoa na kalamu.

"Leo nisaini?"

"Bado sijaamua," Vuyiseka akasema, na wakacheka wote wawili, wakashikana mikono juu ya meza wanacheka, na mimi nikatoka nje kwenda kulia msalani.

MaBhele alifariki Agosti. Figo. Tulimpeleka Ngcobo kwao, na Ijumaa, siku moja kabla ya maziko, wanawake tulikusanyika nyuma ya nyumba kumenya na kukata, magunia ya viazi, karoti, kabichi, masufuria matatu makubwa juu ya moto. Kwetu hapo ndipo panapojulikana nani ni wa msiba na nani ni mgeni. Mgeni hukaa hemani akaletewa chai. Mwenye msiba hushika kisu.

Alasiri nilimwona Vuyiseka anaingia getini, mwenye koti jeusi, begi begani. Alikuwa anafundisha hesabu mji wa Komani, alipanda basi asubuhi. Hakwenda hemani. Alikuja moja kwa moja kwenye masufuria. Wifi ya MaBhele, mke wa kaka yake, ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko, mwanamke wa amri. Akamtazama juu chini, akauliza kile tunachouliza sisi sote, bila ubaya wowote:

"Karibu, binti. Wewe ni wa ukoo gani?"

Wanawake ishirini wakageuka wasikie jibu.

"Sijui," Vuyiseka akasema. Hakuinamisha macho. "Naitwa Vuyiseka. MaBhele alikuwa anakula na mimi Alhamisi. Nimekuja kumenya."

Wifi akamtazama zaidi kidogo. Kisha akachukua kisu, akakifuta kwenye aproni, akampa kwa mpini. "Viazi viko kule kwa MaGatyeni," akasema. "Maganda yawe membamba, hatulishi nguruwe hapa."

Akaja akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, goti lake limegusana na langu. Tukamenya. Viazi vitano, sita. Nikajua nikingoja cha saba sitasema tena maishani.

"Ni mimi," nikasema. "Ule mstari. Niliandika mimi, si MaBhele. Na ulipokuja kushukuru nilijua, nikanyamaza. Ningesema siku ile usingefika Cala. Nimekuwa mwoga miaka mitatu na nusu, mwanangu. Nisamehe."

Kisu chake hakikusimama. Ganda lilishuka refu, jembamba, moja kwa moja mpaka chini.

"Najua, Mama."

"Alikuambia?"

"Hakuniambia kitu. Niliuona mwandiko kule Cala, alipoinua karatasi. Herufi zenye mikia. Mwandiko huohuo ulikuwa mlangoni kwako kila siku niliyopita pale."

"Siku zote hizi?" Nikaweka kisu chini. "Na hukusema neno?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Akadondosha kiazi kwenye beseni, akachukua kingine gunilia akaniwekea kiganjani, maana mimi nilikuwa nimebaki mikono mitupu. "Menya, Mama. Watu kesho watakuwa wengi."